Walimu wa kwaya na wapiga vinanda: nani alisema mi ikishushwa lazima watu wahuzunike?

#1 TenoMstaafu
Wakuu, salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu msiba wa mwezi uliopita.

Nafundisha kwaya ya watu 22, nusu yao hawasomi noti, wanashika kwa sikio. Mzee wetu mmoja alifariki, nikasema safari hii nitunge wimbo wa maombolezo unaoeleweka. Nadharia naijua: umbali wa do hadi mi ni nusu toni nne (nusu toni ni kutoka kitufe cha kinanda hadi cha jirani yake), hiyo ndiyo tatu kubwa, ndiyo furaha. Ukiishusha mi zinabaki nusu toni tatu, hiyo ni tatu ndogo, ndiyo huzuni. Nikatunga kwenye maina (ngazi ya noti inayosemwa ni ya huzuni), nyumbani la, so nikaipandisha ikawa se kama kitabu kinavyotaka. Siku tatu tumekesha na mazoezi.

Makaburini tukaimba. Watu wakatutazama. Soprano wangu alimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Hawa leo wana nini, mbona kama tangazo la sinema?" Tulipomaliza, msemaji wa familia akaomba tuimbe "zile tunazozijua". Tukashika tenzi moja ya kila msiba, meja tupu (ngazi inayosemwa ni ya furaha), hakuna noti hata moja iliyoshushwa. Haukuisha ubeti wa kwanza, kilio kila kona. Besi wawili walishindwa kuendelea.

Sasa nauliza: kama huzuni iko kwenye tatu ndogo, pale kaburini kilitokea nini?

#2 Mpita Njia
Natia kambi hapa.

#3 FundiMawimbi
Mkuu, usiilaumu nadharia, ni fizikia. Chukua la inayotetema mara 440 kwa sekunde. Noti ya tano kutoka hapo ni 660, uwiano wa 3 kwa 2. Tatu kubwa ni 550, yaani 5 kwa 4. Tatu ndogo ni 528, yaani 6 kwa 5. Namba zikiwa ndogo, mitetemo ya sauti mbili inakutana upesi na sikio linapumzika. Zikikua, inakutana kwa kuchelewa na sikio linahangaika.

Mwenye gitaa anaweza kujionea. Bana uzi wa sita kwenye kituo cha tano, ugonge pamoja na uzi wa tano ulio wazi. Kama havijalingana utasikia wau-wau-wau. Mmoja ukiwa 110 na mwingine 108, hizo wau ni mbili kila sekunde. Sasa gonga la na nusu toni iliyo juu yake, 440 na 466: wau 26 kwa sekunde, huwezi tena kuzihesabu, unasikia ukakasi tu. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliyaeleza haya kwenye kitabu chake cha 1863. Kwangu mimi huzuni ni ukakasi mdogo uliopunguzwa makali.

#4 Kinanda Kibovu
#3 umeanza vizuri, mwisho umeruka mtaro.

Kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya meja ni do-mi-so. Do hadi mi tatu kubwa, mi hadi so tatu ndogo. Kodi ya maina ni la-do-mi. La hadi do tatu ndogo, do hadi mi tatu kubwa. Ni matofali yaleyale mawili, lililokuwa chini limewekwa juu. Kama tatu ndogo ina sumu ya huzuni, kila kodi ya meja mliyowahi kuimba ilikuwa na sumu hiyo tumboni.

Halafu kinanda cha TenoMstaafu hakina hiyo 5 kwa 4 unayoisifu. Vinanda vya siku hizi vimegawa oktava (do hadi do ya juu) mafungu 12 yaliyo sawa, kwa hiyo tatu kubwa yake imepanuka. Ukiigawa nusu toni moja vipande 100, tatu kubwa ya kinanda imezidi vipande karibu 14. Ina ukakasi, tunaisikia kila Jumapili, na bado tunaiita furaha.

#5 MzeeWaBesi
Kodi ya meja inalipwa wapi? Nisije nikafungiwa duka.

#6 FundiMawimbi
Mzee wa Besi 😂

Kinanda Kibovu, nimekubali nusu. Ila hujagusa jambo moja: nani yuko chini. Sauti yoyote nene inabeba vivuli vyake ndani, vinavyotetema kuliko yenyewe mara 2, mara 3, mara 4, mara 5. Kivuli cha tano cha do ni mi, tena mi ya juu, isiyoshushwa. Ukiweka mi iliyoshushwa juu ya do, inagombana na mi ambayo do yenyewe inaiimba kimyakimya. Ndiyo maana mpangilio wa matofali una maana. Tatu ndogo ikikaa juu, hakuna ugomvi. Ikikaa chini, inampinga mwenye nyumba.

#7 MzeeWaBesi
Kwa hiyo chanzo cha huzuni ni mwenye sauti ya chini. Mke wangu ananiambia hivyo mwaka wa 19 sasa bila kusoma fizikia.

#8 BiMkubwa_Ngambo
Nyie wa bara raha yenu mnahesabu ngazi kwa vidole vya kinanda, nyeupe na nyeusi basi. Kati ya mi na hiyo mi yenu iliyoshushwa kuna sauti nyengine, si hii wala si ile. Sisi huku kwenye taarab ya asili tumeikuta tangu wazee.

Marehemu babu alikuwa akipiga fidla. Mimi mdogo nakaa chini ya kiti chake. Akitaka kuniliza hakuwa akibadilisha wimbo, alikuwa akisogeza kidole. Kidogo tu, kama unafuta vumbi. Maqamu (ngazi) ya Bayati hiyo: hatua ya kwanza ni robo tatu za toni, haijawa nusu, haijawa nzima. Akiingia maqamu ya Saba, noti ya nne anaibana nayo, basi wimbo unakuwa kama mtu aliyekabwa na donge anajaribu kuzungumza. Sasa wewe niambie hiyo ni tatu ndogo au kubwa?

Na hiyo maina yenu tunayo, karibu yake inaitwa Nahawandi. Watu wanatupiana mafumbo ya mapenzi humo na kutunza juu. Msiba uko wapi?

Sultani wetu Sayyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni (chombo cha nyuzi), na kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, kwa hiyo hizi si habari za jana. Kilichoua robo hizo za toni ni vinanda vya umeme. Siku hizi kijana anabonyeza kitufe, wimbo mzima umenyooka kama rula.

#9 TenoMstaafu
Bi Mkubwa shikamoo. Hapo kwenye "kusogeza kidole kama unafuta vumbi" nimesimama kidogo.

#10 Pwani_Mvita
Marahaba nipokee mimi kwa niaba yake, tuko karibu hapa Mombasa 😄

Wadau, Bi Mkubwa amesema kweli lakini asituuzie kwamba kila maqamu ina hisia yake iliyopigwa mhuri. Saba wengi watakwambia ni kilio, sawa. Hijazi je? Adhana za mitaa yetu nyingi ziko Hijazi au Rasti. Mtu akisikia adhana ya alfajiri hahuzuniki, anaamka. Hijazi hiyohiyo mzungu akiisikia kwenye filamu anaona jangwa na ngamia. Umbali ni mmoja, kichwani kila mtu anaona chake.

Na hata hiyo robo si moja. Ule mkutano wa muziki wa Kiarabu wa Cairo wa 1932 uliwakusanya mabingwa, na suala la kugawa oktava mafungu 24 sawa likazua ubishi, maana sikio la mji mmoja halikuwa sikio la mji mwingine.

Mwimbaji wetu wa taarab Juma Bhalo alichukua hewa za nyimbo za filamu za Kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili, na watu wakalia. Walililia umbali wa noti za Bombay, au maneno?

#11 Kinanda Kibovu
Maneno. Funga uzi.

#12 BiMkubwa_Ngambo
Usifunge, haujasukwa bado. Bhalo angeyasoma maneno yale bila sauti ungemtunza?

#13 Lushois
Bonjour wandugu, niko Lubumbashi, Kiswahili changu mtanivumilia.

Hii mambo ya meja ni furaha, sisi tuliizika zamani. Rumba yetu karibu yote ni meja. Mwanaume ameachwa, ametukanwa, mtoto amechukuliwa, na gitaa inacheka nyuma yake. Na ni pale unasikia uchungu zaidi, kwa sababu gitaa haimuhurumie.

Niongeze jambo ya Kinanda Kibovu. Waimbaji wetu wawili wanatembea pamoja, mmoja anamuacha mwenzake tatu moja. Gitaa solo na mi-solo (gitaa ya katikati) pia. Hesabu sasa kwenye ngazi ya meja. Do-mi kubwa. Re-fa ndogo. Mi-so ndogo. Fa-la kubwa. So-ti kubwa. La-do ndogo. Ti-re ndogo. Kubwa tatu, ndogo ine! Ngazi ya "furaha" iko na tatu ndogo mingi kuliko kubwa. Wale wawili wanapanda na kushuka, kubwa ndogo ndogo kubwa, na hakuna mutu anahuzunika na kufurahi kila hatua kama taa ya barabarani.

#14 Kinanda Kibovu
#13 nimehesabu kwa vidole mara mbili. Kweli ni nne kwa tatu. Miaka yote hii sikuwahi kuliwaza hilo. Merci.

#15 MsomaMajarida
Naongeza tafiti tatu, kwa kifupi, maana niko kazini.

Moja: mwaka 2009 Thomas Fritz na wenzake waliwapelekea Wamafa wa kaskazini mwa Kamerun, watu ambao hawakuwa wamezoea muziki wa Magharibi, vipande vya piano. Waliulizwa kipi cha furaha, kipi cha huzuni, kipi cha woga. Walipatia kuliko mtu anayebahatisha.

Mbili: mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walikwenda kwa Watsimane wa Bolivia. Waliwapigia kodi tulivu na kodi zenye ukakasi. Watsimane walizipenda sawasawa. Wale wa mijini walianza kuegemea upande wa tulivu.

Tatu: mwaka 2010 Meagan Curtis na Jamshed Bharucha waliwarekodi waigizaji Wamarekani wakisema maneno mafupi kwa hisia mbalimbali. Kwenye usemi wa huzuni, sauti ilishuka kwa umbali unaokaribia tatu ndogo. Kwa hiyo labda muziki umeiga namna mtu mnyonge anavyoongea.

#16 FundiMawimbi
Utafiti wa kwanza ni wangu, asante.

#17 Pwani_Mvita
Wa pili ni wangu. Tumebaki na wa tatu, nani anamtaka?

#18 MamaWawili
Wa tatu mimi ndiyo namkatalia. Sijui noti, ila nina mtoto wa miaka 8 anajifunza kinanda na ameniambukiza.

Nendeni mlangoni kwa jirani mbishe hodi kwa sauti. "Hooo-diii." Haitoki bapa, inaanza juu inashuka. Mwanangu aliitafuta kwenye kinanda chake, akabonyeza so, akabonyeza mi. Akaniambia "mama, ni hii." So kushuka mi ni nini? Si hiyo tatu ndogo yenu? Nikimwita mdogo wake aje kula, jina lake ni so-mi. Yule kijana anayepitisha dagaa saa moja asubuhi, so-mi, so-mi, mpaka mwisho wa mtaa.

Kama tatu ndogo inayoshuka ni huzuni, basi uswahilini kwetu kila hodi ni taarifa ya msiba.

#19 Mpita Njia
Nimeenda nje nimeita hodi peke yangu. Jirani amefungua mlango. Nimemwambia nilikuwa nafanya utafiti.

#20 MsomaMajarida
#18 umenikamata. Wale waigizaji walisema Kiingereza cha Marekani. Nisingethubutu kuutandika utafiti ule juu ya Kiswahili, ambacho mkazo wake karibu siku zote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na sauti inaanguka baada ya hapo.

Ila tofautisha kuita na kusema. Anayebisha hodi anataka kusikika mbali, anavuta na anapanda. Mtu mnyonge sauti yake inatembea karibukaribu na ardhi. Huenda kinachohuzunisha si tatu ndogo yenyewe, ni mwendo mfupi na wa chini.

#21 Kijana wa Madhabahu
Mmesahau umbali wa hatari kuliko wote. Fa hadi ti. Unaitwa shetani ndani ya muziki na Kanisa liliupiga marufuku zama za kati. Aliyeupiga alifungwa.

#22 TenoMstaafu
Hapana mdogo wangu, hiyo ni hadithi ya vijiweni. Jina la kishetani lipo kweli kwenye vitabu vya walimu wa muziki, tena vya karne ya 18, siyo vya zama za kati. Wazee wa zamani waliukwepa kwa sababu ni mgumu kuimbika. Toni tatu nzima, sikio halina pa kushika. Hakuna amri ya Kanisa inayojulikana wala aliyefungwa kwa ajili yake.

Halafu fungua wimbo wowote wa kwaya, tazama kodi iliyo kabla ya mwisho, so-ti-re-fa. Ti na fa hizo hapo zimekaa pamoja. Tunamwimba huyo shetani kila wimbo ndipo tunaenda do.

#23 Kijana wa Madhabahu
Asante mwalimu. Mhubiri aliyenifundisha ana gitaa na anayo hiyo kodi.

#24 Afya_Asilia
Tatizo lenu nyote mnapiga kwenye 440. Tyunini vyombo kwenye 432, ni sauti ya uumbaji, inaponya presha na huzuni. 440 ililetwa makusudi kuwavuruga watu akili.

#25 FundiMawimbi
Mkuu, 440 ilikubaliwa na wataalamu kwenye mkutano wa London mwaka 1939 ili bendi za nchi mbalimbali ziweze kupiga pamoja, baadaye ikawa kipimo cha kimataifa mwaka 1955. Kutoka 440 hadi 432 ni karibu theluthi moja ya nusu toni. Na ukishusha noti zote pamoja, umbali kati yao haubadiliki hata chembe. Ni kama kushuka na daladala nzima mtelemko, abiria wa mbele bado yuko mbele.

#26 MzeeWaBesi
Kwaya yetu huanza 440 ikamaliza 420. Hakuna aliyepona presha.

#27 MgogoHalisi
Nimewasoma tangu #1, mnanichekesha. Mmezunguka Bolivia na Kamerun, Dodoma hapa mmeiruka.

Ilimba (marimba ya vidole) na zeze za kwetu hazikutengenezwa kwa mafungu 12. Zimefuata vivuli alivyovitaja FundiMawimbi #6, kile cha nne, cha tano, cha sita, cha saba, cha nane, cha tisa. Hicho cha saba ndiyo habari yenyewe. Ukikitafuta kwenye kinanda utapata kitu karibu na ti iliyoshushwa, lakini cha kwetu kiko chini zaidi, vipande kama 31 katika 100 vya nusu toni. Mwenye sikio la kinanda anasema "hawa wamekosea tyuni." Hawajakosea. Msikilize mwanamuziki wetu marehemu Hukwe Zawose, uone kama yule ni mtu aliyekosea.

Niliwahi kumpelekea bibi yangu kinanda cha kijana mmoja, akapigiwa wimbo ambao yeye mwenyewe aliwabembelezea mama zetu. Kila noti ilikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huo ni wimbo wa wapi?"

Sasa huo wimbo ni meja au maina? Hauna nyumba huko. Una furaha au huzuni? Ni wa kulaza mtoto, basi.

#28 BiMkubwa_Ngambo
Huyo bibi yako na babu yangu wangeelewana.

#29 FundiMawimbi
#27 umenipa nguvu mkuu. Wagogo wamefuata maumbile yenyewe ya sauti. Hiyo ni fizikia tupu.

#30 Pwani_Mvita
Kwa hiyo waliofuata maumbile ni Wagogo peke yao na sisi wengine sote tumepotoka? Waganda je, ambao kwenye marimba zao za amadinda wamegawa oktava karibu mafungu matano yanayolingana, hayafuati kivuli chochote? Nao wana misiba na harusi.

#31 SopranoWaNyuma
Naomba nimrudishe TenoMstaafu kwenye swali lake, "nani aliamua". Upande wa solfa tunamjua. Silabi nyingi ni za kale, mtawa Guido wa Arezzo alizitoa kwenye utenzi wa Kilatini wa kumsifu Yohane Mbatizaji karne ya 11. Lakini solfa ya herufi tunayoandika kwenye madaftari yetu, d r m f s l t, ni ya John Curwen, mchungaji Mwingereza wa karne ya 19, naye aliichukua kwa mwalimu Sarah Glover akaiboresha. Ndiyo maana sisi tunasema ti wakati Wafaransa wanasema si: walitaka kila noti ianze na herufi yake.

Curwen hakuishia kwenye herufi. Kila noti aliipa tabia. Do imara. Re ya kuamsha, ya matumaini. Mi tulivu. Fa ya ukiwa. So ya fahari. La ya huzuni, ya kulia. Ti ya kuchoma. Na ishara za mkono zikafuata: do ni ngumi, la ni mkono ulioning'inia kama wa mtu aliyekata tamaa. Mimi nilifundishwa ishara hizo nikiwa na miaka 9 bila kuambiwa ni maoni ya mtu. Mkono ukining'inia, uso nao unaning'inia. Miaka yote hii nikifika la nasikia huzuni. Naisikia kweli, au nilifunzwa kuisikia?

Kumbukeni pia Curwen mwenyewe alisema tabia hizo ni za kuimba polepole. Ukiharakisha zinabadilika.

#32 MzeeWaBesi
La ya kulia. Hata jina limejisema: ku-LA-... basi, naacha.

#33 MsomaMajarida
#31 hilo la kasi ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Kuna utafiti wa Simone Dalla Bella na wenzake kule Montreal, 2001. Watoto wa miaka 5 walitambua wimbo wa furaha na wa huzuni kwa kasi tu. Wa miaka 6 hadi 8 ndio walianza kutumia meja na maina pamoja na kasi. Yaani polepole na upesi tunakuja navyo mapema, meja na maina vinafika baadaye, pengine kwa mafunzo ya masikio. Hata kwenye ule wa Wamafa kasi ilikuwa na mchango.

Mwana wa MamaWawili ana miaka 8. Ameshachelewa, ameharibika tayari 😂

#34 MamaWawili
Mdogo wake ana miaka 4. Leteni swali nimpime.

#35 TenoMstaafu
Nimesoma yote, ahsanteni. Jana mazoezini nimefanya jaribio la kienyeji. Nimepiga hewa ya wimbo wangu wa maina bila maneno, wakaimba "la la" tu, nikauliza mnasikia nini. Wanaosoma noti wote wakajibu huzuni. Wa kushika kwa sikio: wanne huzuni, watatu "wimbo wa Waislamu", wawili "filamu ya Kihindi", mmoja akasema "mwalimu, bado hatujaujua vizuri." Waliobaki wamesema haina kitu.

Nikapiga ile tenzi ya makaburini, nayo bila maneno, meja, nikaiharakisha. Hakuna aliyecheka. Alto mmoja akaniomba niache, alimzika mama yake mwaka jana.

#36 Kinanda Kibovu
Huyo alto ndiye jibu lako. Ile tenzi imelowa misiba. Kila kaburi mlilosimama liko ndani yake. Wimbo wako mpya haujazika mtu.

#37 FundiMawimbi
Kumbukumbu inaeleza kwa nini tenzi ile ililiza. Haielezi kwa nini wanaosoma noti wote walisikia huzuni kwenye wimbo ambao haujazika mtu.

#38 SopranoWaNyuma
Wanaelezeka. Walifundishwa na TenoMstaafu.

#39 Lushois
😂😂 Mwalimu, iyo imeingia.

#40 Kijana wa Madhabahu
Samahani kuchepuka, nani anajua nyuzi nzuri za gitaa zinapatikana wapi Mwanza? Uzi wangu wa pili haukubaliani na wa tatu kabisa.

#41 Kinanda Kibovu
Siyo nyuzi kijana. Kati ya uzi wa tatu na wa pili ndipo penye tatu kubwa, kwingine kote ni za nne. Ukiinyoosha ikae tamu kwenye kodi moja, itagoma kwenye nyingine. Soma #4.

#42 MamaWawili
Nimerudi na majibu ya mtoto wa miaka 4. Kapigiwa do-mi-so na dada yake, akasema "nzuri". Kapigiwa la-do-mi, akasema "nzuri". Kapigiwa fa na ti pamoja, akasema "hiyo nzuri sana, rudia."

#43 MzeeWaBesi
#21 njoo umwombee huyu mtoto.

#44 TenoMstaafu
Naufufua uzi. Juzi ilikuwa arobaini ya yule mzee. Familia yenyewe wakauomba ule wimbo wangu, wanasema mjane aliuulizia. Sikubadilisha kitu. Maina ileile, kasi ileile, maneno yaleyale. Safari hii watu walilia. Yule mama wa tangazo la sinema alikuwa anaitikia kiitikio.

#45 Kinanda Kibovu
Nilisema. Sasa umeshazika.

#46 SopranoWaNyuma
Au ni kwa sababu mjane ndiye aliyeomba, watu wakamtazama yeye.

#47 FundiMawimbi
Mkuu, kabla hawajajitangazia ushindi: vyombo vilikuwa vilevile?

#48 TenoMstaafu
Hapana. Umeme ulikatika, tukaimba mikavu, bila kinanda.

#49 BiMkubwa_Ngambo
Ahaa! Kumbe. Mwanangu, kinanda kilipozima ile mi yenu haikushikwa na mtu. Ilikwenda ilikotaka. Uliirekodi?

#50 MgogoHalisi
Swali zuri sana hilo. Tupe sauti tupime ilisimama wapi.

#51 TenoMstaafu
Ilirekodiwa na simu. Ila simu yenyewe ilikuwa kwenye mfuko wa shati wa besi wa pili. Inasikika besi tu na kikohozi.

#52 MzeeWaBesi
Hiyo itume kwangu.